Mti wa Chumba cha Pili

Siku Nukta alipokiandika kitanda cha baba yake kuwa mti, mkewe alikuwa barazani akigeuza kola ya shati la shule, na hakuwa na habari. Alichokiona ni mumewe kupita, shingoni ana tepu ya kupimia nguo aliyoichukua kwenye cherehani, kuingia chumba cha pili, kutoka, kisha kuingia tena. Nukta hakuwa mtu wa kuingia chumba cha baba yake mara mbili kwa saa moja. Mama Pindo akatoa mguu kwenye pedali ya cherehani na kutega sikio.

"Baba, hebu inua mguu kidogo."

"Wangu au wa kitanda?"

"Wako. Wa kitanda ndio ninaoupima."

Mama Pindo akaweka shati chini na kwenda kusimama mlangoni. Baba mkwe wake alikuwa amelala chali, mguu mmoja juu, macho darini, kama mgonjwa anayemwachia daktari afanye atakalo. Nukta alikuwa amepiga magoti, kazungusha tepu kwenye tendegu la kitanda, na mfukoni mwa shati lake kulikuwa na kibati chenye namba hamsini, kina matope.

"Unafanya nini?"

"Nahesabu."

"Unahesabu nini chumbani kwa mzee?"

Nukta alisoma tepu kwanza. Alikuwa mhesabu miti wa ofisi ya misitu, na jina la Nukta alipewa na wenzake kwa sababu hakuwahi kuandika sentensi akaiacha bila nukta mwishoni, hata kwenye karatasi ya kuomba ruhusa ya kwenda kung'oa jino. Kila baada ya miezi sita alipanda kilimani kuhesabu mivunjashoka. Mti huo uliota juu ya kilima kile tu, na hapakuwa na mahali pengine duniani ulipoota. Wataalamu walitoka mbali kuja kuutazama, shingo zao zikiwa zimepinda, kisha wakashuka wakiwa wamejaa upupu. Ilikuwa miti hamsini, kila mmoja umepigiliwa kibati chake. Safari hii Nukta alikuwa amekuta arobaini na tisa.

"Wa hamsini umeangushwa na upepo," alisema. "Umeviringika hadi korongoni, mto umeuchukua. Nimeokota kibati tu."

"Si uandike hivyo."

"Aliyekuwa kabla yangu aliandika hivyo."

Mama Pindo alimjua huyo aliyekuwa kabla yake. Aliandika alichokiona, pungufu kwa mmoja, na ofisi ikaamua kwamba ameuuza. Sasa alikuwa anauza vocha za simu kando ya geti la ofisi ileile, na kila asubuhi alimsalimia Nukta kwa kumuuliza, "Mingapi leo?" Na ubaoni palibandikwa tangazo: kila mhesabu atajibu kwa idadi yake.

"Kwa hiyo unahesabu kitanda."

"Kitanda cha mti gani?"

Jibu Mama Pindo alilijua. Mzee alikuwa seremala, na mwaka aliooa alikitengeneza kitanda kile kwa mvunjashoka, wakati huo ukiwa mti tu kama miti mingine na hakuna aliyeukataza. Alikiunga mlemle chumbani, matendegu manne manene kama paja la mtu, mifumbati ya ubavuni, mchago wa kichwani na ubao wa miguuni, bila msumari hata mmoja, vijiti vya mbao peke yake. Kilikuwa kipana kuliko mlango. Juu yake mkewe alimzaa Nukta, na juu yake, miaka kumi na mmoja iliyopita, mkewe huyo aliagana na dunia. Tangu mgongo wa mzee ulipoharibika hakuweza kulala pengine. Akilala chini, asubuhi haamki bila kunyanyuliwa.

"Uongo sitaandika," alisema Nukta, naye hakuandika. Alikaa kwenye kigoda na kujaza fomu kwa mwandiko wake uliosimama wima. Urefu: sentimita sitini na mbili. Majani: hakuna. Maua: hakuna. Hali: umekauka lakini ni imara. Mahali ulipo: nyumba ya mhesabu, chumba cha pili, mkono wa kushoto ukiingia. Alipofika kwenye safu ya viumbe wanaoishi kwenye mti alimtazama baba yake, akafikiri, akaweka kistari. Kisha akakwangua kipande kidogo chini ya tendegu kwa ajili ya maabara, akapigilia kibati na kuweka nukta.

"Atakayeisoma ataamua mwenyewe," alisema.

Kosa lake lilikuwa hapo. Alidhani iko siku mtu ataisoma.

*

Wiki tatu baadaye gari la ofisi lilisimama mbele ya cherehani ya Mama Pindo na kumjazia vumbi kwenye sare kumi na mbili alizokuwa amemaliza kupiga pasi. Alishuka Mkuu wa Misitu mwenyewe, suti ya kaki, furaha imemjaa hadi masikioni. Nyuma yake alishuka fundi uzio amebeba vigingi na kamba ya njano iliyozongwa.

"Mama, hongera," alisema Mkuu. "Mna habari mna nini humu ndani?"

"Tuna mzee."

"Mna mvunjashoka. Nje ya kilima. Haijawahi kutokea. Maabara wamethibitisha, taarifa imeshakwenda juu, na juu wametupongeza kwa simu." Akageuka kumtazama Nukta, aliyekuwa amesimama kizingitini, uso umempauka. "Kijana, miaka yote hii umekaa na mti kama huu na hukusema?"

"Nimeandika kila kitu kwenye fomu, Mkuu."

"Ndiyo, ndiyo. Uko wapi?"

"Chumba cha pili. Mkono wa kushoto ukiingia."

Mama Pindo aliwafuata akamkazia Mkuu macho. Alitaka kuona uso wake utakavyokuwa. Mkuu aliingia, akaona kitanda, akaona godoro, akamwona mzee juu ya godoro akimenya yai la kuchemsha, akaona na kibati namba hamsini kwenye tendegu. Ganda la yai likadondoka sahanini. Mama Pindo aliona waziwazi kwamba mtu huyu ameelewa, kwamba ana akili zake timamu na anajua kitanda ni nini. Kisha akaona macho yale yakikumbuka simu iliyotoka juu.

"Unaonekana una umri," alisema Mkuu.

"Sabini na nne," alisema mzee.

"Nasema mti." Mkuu akakohoa. "Mzee, tafadhali shuka mtini."

"Sijapanda."

"Sheria inasema hatua kumi kuzunguka mti asiwepo mtu. Si mimi, ni sheria."

"Chumba chote ni hatua nne," alisema Mama Pindo.

"Basi tutachukua chumba chote."

Wakamshusha. Nukta alimshika baba yake kwapa moja, fundi uzio akamshika la pili, na yai likabaki juu ya kitanda hadi Mkuu alipoagiza liondolewe pamoja na godoro, maana vitu hivyo vilihesabiwa kuwa taka zilizotupwa kwenye mti. Fundi uzio akasimamisha vigingi katika pembe nne, akavuta kamba ya njano, akatundika kibao: *Usikate. Usipande. Usifunge mifugo.* Alipomaliza aliomba maji ya kunywa, na alipokuwa akirudisha kikombe alimwambia Mama Pindo kwa sauti ya chini, "Mnisamehe, dada. Mimi ni wa kamba tu."

*

Mzee akahamishiwa sebuleni, kwenye mkeka, kati ya mlango wa mbele na wa uani. Godoro halikuenea pale isipokuwa likunjwe, na likikunjwa mgongo wake ulizidi kuuma. Kila asubuhi Mama Pindo na mumewe walimnyanyua kwa majaribio mawili, wakati mwingine matatu, na Nukta akishakwenda kazini, kazi ya kumfikisha choo ilibaki kwa mkwe. Njia nzima mzee alitazama ukutani. Alikuwa mtu aliyewahi kupandisha milango ya kanisa na msikiti peke yake, na sasa alipelekwa chooni na mke wa mwanawe akiwa amemshika kiuno. Mama Pindo alizungumza bila kukoma safari zile, habari za bei ya vifungo, habari za mwalimu aliyenenepa hadi sare ikamkataa, ili ukimya usipate nafasi.

Kilichowaudhi zaidi ni maji. Ukaja waraka kwamba kwa kuwa ni kiangazi, mti namba hamsini umwagiliwe ndoo moja kwa wiki, na Nukta atie sahihi. Nukta akawa anapita chini ya kamba kila Jumamosi, anamimina kikombe kwenye kila tendegu, anatia sahihi, kisha anachukua tambara na kukausha sakafu.

"Usimwage maji hapo," mzee alisema kutoka sebuleni. "Mbao itavimba."

"Waraka, Baba."

"Mwambie aliyeandika waraka kwamba hautachipua. Mimi ndiye niliyeukata."

"Baba, hilo usiliseme kwa sauti. Kuukata ni kosa."

Mama Pindo aliuma uzi kwa meno. Uvumilivu ulikuwa umemwishia. "Nenda ukaseme ni kitanda," alimwambia mumewe. "Maneno manne. Mkuu, kile ni kitanda."

"Nilisema. Niliandika chumba cha pili. Nani alishaona mti wa chumba cha pili?"

"Kuandika si kusema."

"Nikisema watanifukuza. Nikifukuzwa, ada ya watoto walioko bweni utailipa kwa vifungo?"

Ilikuwa kweli, na kwa kuwa ilikuwa kweli Mama Pindo alimkasirikia zaidi. Sebuleni mzee aliguna akijaribu kujigeuza, akashindwa, akajifanya kwamba hakutaka kujigeuza. Mama Pindo akafunika cherehani na kwenda kuoga. Alivaa gauni lake la kwendea sherehe.

*

Ofisini alikaa kwenye benchi hadi saa sita. Muuza vocha wa getini alimpungia mkono na kuuliza, "Shemeji, nasikia mmezaa mti?" naye akamjibu kwamba wote wawili, mtoto na mama, hawajambo. Hatimaye akaitwa.

"Mkuu," alisema hata kabla ya kukaa, "kile ni kitanda."

Mkuu alifunga mlango taratibu. "Mama, mimi kwangu nina vitanda vitatu. Kitanda nakijua."

"Basi?"

"Basi juu wameshaambiwa ni mti. Bango limeshachorwa. Leo nikisema ni kitanda, watauliza nani aliandika kitanda kwenye fomu ya serikali, na jibu unalijua wewe kuliko mimi. Mimi nitapewa onyo. Mumeo nani atamtetea?" Aliyasema bila ukali, kwa sauti ya mtu anayemweleza jirani njia ya kwenda hospitali. "Acheni mambo yatulie. Miaka miwili mitatu, tutaandika umekufa kwa ugonjwa."

"Baba mkwe wangu hana miaka miwili mitatu ya kulala chini."

Mkuu alirudi kukaa. Fomu ilikuwa mbele yake mezani, na Mama Pindo, ambaye kwa kazi yake alizoea kutazama nguo upande wa ndani, aliisoma juu chini. Macho yalifika kwenye kistari.

"Mkuu, hawa viumbe wanaoishi kwenye mti. Nao wanafukuzwa?"

"Nani awafukuze? Hao hawaguswi. Awe ndege, awe kima, awe nyuki, ukimtoa kiumbe kwenye mti wake ni kosa lilelile la kuukata."

"Basi fomu imekosewa. Kwenye mti wetu kiumbe alikuwepo, na ninyi mlimtoa."

Mkuu aliinua macho. Alimtazama Mama Pindo, akaitazama fomu, akafungua droo ya meza na kuifunga bila kutoa kitu. Mama Pindo alijua kwamba mtu huyu hamchukii mzee. Anatafuta tu mahali pa kumwandika.

"Kweli mti wenye kiumbe ni bora kuliko mti mtupu," alisema Mkuu polepole, akachukua kalamu. "Dume au jike?"

"Dume."

"Umri?"

"Mkubwa."

"Chakula?"

"Uji. Na chochote laini."

"Anatoka muda gani?"

"Akibanwa." Uso ulimwaka. Alikuwa ameolewa katika nyumba ile miaka kumi na sita, na mzee hakuwahi kumwita kwa jina lingine isipokuwa mwanangu. Sasa alikuwa amekaa ofisini kwa watu, na gauni la sherehe, anamwelezea kama mnyama wa porini.

"Ana madhara kwa binadamu?"

"Hana," alisema Mama Pindo, machozi yakimlenga. "Andika hana kabisa."

*

Njia nzima alipanga atakavyomwambia, na alipofika akasahau yote, akamwambia tu. Mzee alisikiliza hadi mwisho, kisha mabega yakaanza kumtikisika. Mama Pindo akadhani analia. Alikuwa anacheka, na alicheka hadi akakohoa, na alipokohoa mgongo ukamuuma, na bado akacheka.

"Dume," alisema akipangusa macho. "Mwanangu, wauza mbao wameniita mabaya kuliko hayo. Nirudisheni mtini."

Wakampitisha chini ya kamba ya njano, godoro likarudi likiitwa kiota, na alipolala chali mifupa yake ikalia mmoja mmoja, naye akafumba macho kwa raha. Wiki zilizofuata nyumba ilikuwa na furaha ya ajabu. Fundi uzio alikuja kukagua kamba na kukaa hadi jioni akipiga soga na kiumbe. Nukta, akileta uji, alijaza safu ya mwenendo: kiumbe amekula, kiumbe analalamikia chumvi.

Halafu Mkuu akaja tena, safari hii na boksi la soda.

"Mmetutoa kimasomaso," alisema, akiinama kupita chini ya kamba. "Shida ya mvunjashoka ilikuwa nini? Unapatikana mahali pamoja tu. Mti wa mahali pamoja sheria hairuhusu kuugusa. Sasa unapatikana mahali pawili. Umeshuka daraja. Kampuni ya kokoto imekiomba kilima miaka sita, na Alhamisi wakubwa wanakuja hapa wauone mti kwa macho yao, waweke sahihi."

"Waweke sahihi ya nini?" aliuliza mzee.

"Ya kilima."

"Na ile arobaini na tisa?"

"Mzee, huu upo," alisema Mkuu, akapigapiga tendegu kwa upendo. "Na una kiumbe."

Alipoondoka hakuna aliyefungua soda. Nukta aliketi ukingoni mwa kitanda, mikono katikati ya magoti. Hakuwa amewaza hivyo. Alikuwa ameongeza mmoja ili asipungukiwe na mmoja, basi.

"Siku tisa za kuukata," alisema mzee. "Mimi na fundi aliyenifunza. Tulivunja mashoka mawili. Ulipoanguka pakabaki uwazi kule juu, jua likaingia mahali ambapo halikuwahi kuingia, na ndege wote wakanyamaza. Nilikuwa na miaka ishirini na nne, nataka kuoa, nikaona si kitu, msitu utaziba." Akashika mfumbati, kidole kikifuata mstari wa mbao. "Mwaka hadi mwaka nilipanda kwenda kutazama. Mama yako alidhani naenda kutafuta mbao. Hapajaziba hadi leo. Watoto wa mti ule wanaota hadi magotini, wanakufa."

Mama Pindo alikuwa hajawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mfululizo. Alimwekea mto vizuri, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine.

*

Alhamisi asubuhi alikuwa anatia uzi kwenye sindano aliposikia mbao ikigongwa. Ko. Ko. Alikimbilia chumba cha pili. Mzee alikuwa ameketi sakafuni, miguu imenyooka mbele yake, nyundo ya mbao mkononi, na kando yake vijiti vitatu vya kuungia. Jinsi alivyoshuka kitandani peke yake hakusema, ila goti lake lilikuwa linavuja damu.

"Baba, utalala wapi?"

"Shika mfumbati, usije ukaniangukia."

Mama Pindo alisimama. Alifikiria mikono yake mwenyewe chini ya makwapa yale kila asubuhi, siku zote zilizobaki. Alifikiria ada. Kisha akapiga magoti akashika mfumbati, na kijiti cha nne kikatoka kikiwa kikavu na safi kama kilivyoingia miaka hamsini nyuma. Nukta aliingia na fomu yake kwapani, akawaona. Akaweka fomu juu ya kigoda, akavua saa, akashika upande wa mchago. Kazi ilichukua muda wa kuchemsha maji. Mzee aliwaonyesha mahali pa kugonga, na walipokosea aliwakaripia kama vijana wake wa karakana.

Gari lilipofika, mbao zilikuwa zimeegemezwa ukutani ndani ya kamba ya njano, matendegu manne yamesimama kwa mstari, na mzee amekaa chini kati yake. Mkuu aliingia kwanza, akiwaacha wageni nje wapigwe upepo.

"Mti uko wapi?"

"Umeanguka," alisema mzee.

"Umeanguka vipi?"

"Kwa uzee."

Mkuu alishika kichwa. Alizunguka chumba hatua nne, akazunguka tena, na mara Mama Pindo akauona mkono wake ukishuka na kidole kikianza kwenda kwenye tendegu moja baada ya jingine. Midomo yake ilikuwa inahesabu.

"Mhesabu," alisema, sauti imerudi. "Andika minne. Umezaliana."

Nukta alichukua fomu, akatoa kalamu, akazitazama mbao ukutani. Mama Pindo alijua yote yaliyokuwa yakipita kichwani mwa mumewe, geti, vocha, bweni, na hakumsaidia, maana hilo lilikuwa lake.

"Naona mbao," alisema Nukta.

"Hata mwanzo zilikuwa mbao."

"Mwanzo niliona mbao, nikaandika mti. Ndilo kosa langu." Akainama, akaandika kwa mwandiko wake uliosimama wima, akiyatamka maneno kadiri alivyoandika. "Mivunjashoka arobaini na tisa. Mahali pamoja. Kilimani." Akaweka nukta.

"Lete hiyo fomu."

Lakini mgeni mmoja, mama wa makamo aliyevaa miwani, alikuwa amechoka kusubiri nje na tayari alikuwa ameingiza kichwa mlangoni. Alitazama kamba, kibao, mbao, mzee. "Ndio mti wenyewe?"

Mkuu alinyoosha mkono kuichukua fomu. Nukta alimpa mgeni fomu kwa mikono miwili. Yule mama akaisoma yote, kutoka juu hadi chini, na alikuwa mtu wa kwanza kuisoma hivyo. Kisha akaikunja, akaiweka kwenye mkoba wake, akarudi garini bila kuuliza jingine. Sahihi haikuwekwa siku ile, wala mwezi ule.

*

Barua ya kufukuzwa kazi ilisema Nukta amepoteza mti mmoja aliokabidhiwa. Hapakuwa na njia ya kuikatia rufaa, maana ilikuwa kweli. Muuza vocha alisogeza meza yake kidogo, akampa nafasi ya kuweka yake.

Sheria ilisema mvunjashoka ukianguka usiondolewe, uachwe uoze palepale ulipoangukia. Kwa hiyo mbao zilibaki ukutani, kamba ikabaki, na hakuna aliyeruhusiwa kuzigongea kijiti hata kimoja zikawa kitanda tena. Mzee alilazwa chini, katikati ya matendegu yake, kwenye godoro lililoenea vizuri.

Mama Pindo alipokuwa akifua shati la kazi la mumewe kwa mara ya mwisho alikuta mfukoni nakala ya fomu, ile ya karatasi ya chini yenye wino wa bluu. Akaenda kuisoma chumba cha pili, mzee akisikiliza.

"Viumbe wanaoishi kwenye mti: mmoja. Amehamia chini. Amehama kwa hiari yake."

"Soma tena hapo mwisho."

"Amehama kwa hiari yake. Nukta."

Mzee akatikisa kichwa kukubali, kisha akanyoosha mikono yote miwili. Mama Pindo akamwita mumewe. Wakamshika kwapa, huku na huku, na safari hii mzee hakutazama ukutani. Walifaulu kumnyanyua kwa jaribio la tatu.